Mume Wangu Anawaelekeza Wageni Kwenye Mikahawa Yote, Kwangu Anawaambia Wapige Picha Mlango

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naandika haraka kabla hasira hazijapoa, maana zikipoa nitaanza kumtetea mume wangu kama ninavyomtetea siku zote, na safari hii sitaki kumtetea.

Mimi ni mpishi. Nina mkahawa wa meza sita katika mtaa wa nyuma wa mji wetu wa kale, chumba kimoja cha kulia chenye dari ya boriti, jiko liko nyuma yake, na mbele kuna mlango mkubwa wa mbao wa rangi ya samawati iliyochujuka, una misumari ya shaba yenye vichwa vikubwa kama vifuniko vya chupa, na huo mlango ndio uliozaa haya yote, kwa hiyo naomba uukumbuke. Mume wangu ni mtembeza wageni. Asubuhi anawapokea kwenye lango la mji, anawazungusha kwenye kuta na kisima na nyumba za matajiri wa zamani, na ikifika saa sita matumbo yakianza kunguruma anawaambia waende kula wapi. Mji wetu ni mdogo lakini kila kabila lililopita hapa liliacha jiko lake, kuna nyumba ya tambi, kuna ya dengu, kuna ya mkate wa tanuri, kuna ya nyama ya mkaa, kuna bibi mmoja anapika mboga tupu na watu wanampangia foleni. Mgeni peke yake hawezi kuyajua haya, kwa sababu ofisi ya majengo ya kale haituruhusu kutundika kibao ukutani, hata msumari mmoja ni kosa, kwa hiyo mikahawa yote ukiitazama kwa nje ni nyumba za watu tu, na mpishi asiyetajwa na watembeza wageni atapika na kula mwenyewe.

Nami nimepika na kula mwenyewe miaka miwili. Si kwamba chakula changu ni kibaya. Bibi zangu wawili walikuwa wa makabila tofauti kabisa, mmoja mtu wa pilipili na ndimu, samaki wake ukimla unatokwa na jasho puani, mwingine mtu wa maziwa na vitunguu anavyovikaanga polepole asubuhi nzima, na mimi navipika vyote viwili kwenye jiko moja, sijui mtu mwingine katika mji huu anayeweza. Wanaokula kwangu hurudi. Fundi viatu wa mtaa wetu hurudi, makarani wawili wa posta hurudi, mwalimu mmoja wa muziki hurudi na hulala kidogo mezani akishashiba. Lakini hao ni watu wanne, na meza ni sita.

Sasa sikiliza. Wiki mbili zilizopita ilinyesha mvua ya ghafla mchana, wageni wawili, mzee na mke wake, wakajibanza chini ya upinde wa mlango wangu, nami nikatoka na aproni yangu na upawa mkononi kuwakaribisha, sufuria nyuma yangu linachemka na harufu inawafikia kabisa, na yule mama akanionyesha karatasi aliyoifunika kwa mfuko wa plastiki akaniuliza, kwa heshima zote, kama ningeweza kuwaelekeza namba sita, maana wana njaa sana. Nikaitazama karatasi. Ilikuwa ramani ya mji wetu, imechorwa kwa mkono na kutolewa nakala, na mkono huo ninaujua, hata kalamu za rangi alizochorea nilimnunulia mimi. Kumbe mume wangu amewachorea wageni wake mahali pa kula, vyungu kumi na vinne vyenye namba, na kila chungu kina sifa zake chini, dengu za hapa zitakufanya uahirishe safari, mkate wa hapa ule ukiwa umesimama, mambo kama hayo, ana maneno matamu sana akitaka. Nikatafuta chungu changu. Hakikuwepo. Pale ninapopikia mimi kumechorwa kamera, na chini yake ameandika: "Mlango mzuri wa kale. Simama upige picha, kisha endelea mbele."

Kisha endelea mbele, mshauri. Niliyasoma maneno hayo mara tatu.

Nikachukua mwavuli nikawasindikiza wale wazee hadi namba sita, ambayo ni nyumba ya tambi, kwa sababu wao hawakuwa na kosa na mvua ilikuwa kubwa. Na huko namba sita nilimkuta mume wangu. Hapa kwetu mtembeza wageni akileta watu mahali hupewa sahani yake ya bure, anakulia kwenye benchi la jikoni, ndiyo desturi ya kazi yao, na yeye alikuwa kwenye benchi hilo na bakuli la tambi limejaa, kitambaa amekichomeka shingoni, na Bwana Tambi mwenyewe amesimama pembeni anamwongezea mchuzi. Miaka miwili mtu huyu anarudi nyumbani anachokonoa chakula changu anasema hana hamu ya kula, nami nikadhani ana vidonda vya tumbo, nikawa namkorogea uji kila jioni, uji, mshauri, na kumbe tumbo ni zima, limejaa tambi. Laiti ningemfumania na mwanamke ningejua pa kuanzia. Mimi nimemfumania na bakuli.

Nilipomuuliza nyumbani alisema ni sheria ya chama chao, mtembeza wageni haruhusiwi kusifia jiko la ndugu yake, wageni wataona ni upendeleo. Nikaamini, kwa muda wa siku moja. Siku ya pili nikaenda kwa mwenyekiti wa chama chao, akacheka hadi akashika meza, akasema sheria kama hiyo haipo na haijawahi kuwepo, na mwenye tanuri la mkate, ambaye ni namba moja kwenye kila ramani ya kila mtembeza wageni, ni shemeji yake mwenyekiti mwenyewe. Kwa hiyo ni uongo, na ni uongo aliouandaa.

Na usidhani nilimfukuza mimi. Ni kweli mwezi ule tulipofungua aliniletea watu kumi na wanne bila taarifa, nikiwa na chungu kimoja motoni, nikamwambia neno moja mbele yao, lakini ni neno moja tu na miaka miwili imeshapita, siyo habari ya leo.

Habari ya leo ni ya Jumamosi. Nilikuwa nimesimama mlangoni napunga upepo, akaja na kundi la watu kama ishirini, akasimama katikati ya mtaa akaanza kuwaelezea, mbao zilitoka wapi, shaba ilifuliwa na nani, kwa nini rangi ni hii, anaeleza vizuri huwezi kuamini, na watu wakanyanyua simu zao. Na mimi niko hapo hapo kwenye picha. Akanitazama, akasema, "Mama, naomba usogee kidogo, wageni wapige picha."

Nyumbani ananiita mwenzangu. Tangu siku aliponiposa ananiita mwenzangu. Pale aliniita mama kama anavyomwita muuza nyanya yeyote asiyemjua. Wifi yangu, dada yake wa damu, ambaye ndiye anayehudumia meza zangu, alitoka ndani na trei akamuuliza kama sasa anahitaji miwani, naye akajifanya anatazama saa.

Na nilisogea. Hilo ndilo linalonichoma kuliko ramani na kuliko tambi. Nilisogea, wakapiga picha zao, wakaendelea mbele.

Mwenye nyumba anataka jibu mwisho wa mwezi kama naendelea au naacha, kwa sababu kuna mtu anataka chumba auze vinyago. Na mimi nimeshamwita fundi rangi, Jumatatu ya wiki ijayo anakuja kuupaka huo mlango rangi ya kijivu kuanzia juu hadi chini, misumari na yote, tuone watapiga picha ya nini. Naomba uniambie, nipake mlango au nifunge jiko nirudi kwetu? Usiniambie nivumilie, hiyo nimeshaambiwa na mama mkwe.

Mimi, Mwenye Mlango


JIBU

Mwenye Mlango,

Pole sana. Nimeisema mara moja na sitairudia, kwa sababu tuna kazi na fundi rangi yuko njiani.

Mpigie simu leo umwambie asije. Ofisi ambayo hairuhusu msumari ukutani itaruhusuje ndoo nzima ya rangi ya kijivu? Watakufungia kabla rangi haijakauka, muuza vinyago ataingia kesho yake, na mume wako ataambiwa pole na mji mzima. Unataka aambiwe pole, yeye?

Sasa tuje kwako. Barua yako ni ndefu, umenieleza misumari inafanana na nini, umenieleza dengu za watu, umenieleza mahali kitambaa cha mumeo kilipochomekwa. Lakini kuna mahali umeandika kwamba ulimwambia "neno moja," na neno lenyewe hukuliandika. Mimi kazi hii nimeifanya miaka mingi, mdogo wangu, na ninapoona mtu anaeleza kila kitu halafu anaruka kitu kimoja, najua shimo liko hapo. Uliacha namba ya simu nyuma ya bahasha, nikakupigia. Nilipokuuliza neno gani, kwanza ulianza kunieleza upya habari za tambi. Halafu ukalisema, na kwa ruhusa yako nalichapa hapa.

Ulimwambia, "Umeniletea kundi la kondoo. Kawachunge kwingine."

Mmoja wa wageni wale alikuwa anajua lugha yetu. Akawatafsiria wenzake. Nao hawakukasirika, ingekuwa nafuu wangekasirika; walicheka, na mmoja akawa anamlilia mumeo "mee, mee" kila kona ya mji hadi langoni. Hilo umeniambia wewe mwenyewe, wifi yako alilisikia kwa watembeza wageni wengine wiki ile ile, na ulilijua siku zote. Ukaliweka kabatini ukafunga, ukaanza kumkorogea mtu uji.

Kwa hiyo usiniambie hukumfukuza. Ulimfukuza mbele ya watu kumi na wanne, mahali pa kazi yake, na akatii. Amewachunga kwingine miaka miwili kama ulivyomwagiza. Alikosea kuja bila taarifa, nakubali, mpishi yeyote angemkaripia. Ungemkaripia jikoni.

Na kitu kingine ambacho kimenifanya niweke kalamu chini nitembee chumbani. Wazee wawili, wana njaa, wamelowa, wako mlangoni kwako, harufu ya chakula chako iko puani kwao, na wewe unachukua mwavuli unawapeleka kwa Bwana Tambi. Mtu huyo wa tambi hana hata haja ya watembeza wageni, ana wewe. Hivi ulishindwa kusema "karibuni ndani, hata hapa tunapika"? Unalalamika hakuna anayekutaja, na wewe mwenyewe ulikuwa na upawa mkononi na hukujitaja. Kiburi hicho ni cha nini? Mpishi anayesubiri asifiwe na mume ndipo afungue mdomo atasubiri hadi sufuria litoboke.

Nimemaliza na wewe. Sasa najua gazeti hili wifi yako atalisoma kwa sauti akiwa mezani na kaka yake, umeniahidi, kwa hiyo mengine namwambia yeye.

Bwana Mtembeza, uliaibishwa, na ulikuwa na haki ya kuumia. Ungesema. Siku ile ile, au wiki ile, au hata mwaka ule. Badala yake umekaa ukachonga kisasi taratibu, kwa kalamu za rangi ulizonunuliwa na mtu unayemlipizia. Kuna wanaume wakikasirika wanapiga meza, wewe ukikasirika unachora ramani. Kazi yako ni kuwaambia watu ukweli wa kila jiwe la mji huo, nani alilijenga na lini, halafu ukifika kwenye mlango ambao nyuma yake mkeo amesimama motoni tangu alfajiri unasema ni mlango tu, pigeni picha, endeleeni mbele. Wageni wako wamekuamini. Wamezunguka na njaa nusu saa wakitafuta namba sita wakati chakula kilikuwa hatua tatu kutoka kwao. Na ukabuni sheria ya chama, na ukanywa uji wa mgonjwa miaka miwili ukiwa mzima, ukimtazama mwenzako anakuhangaikia. Aibu ya kuitwa mchunga kondoo ilidumu mchana mmoja. Hii yako ina miaka miwili na ina nakala.

Zile nakala uzikusanye zote, uchore upya. Sikuambii umsifie, kama chakula chake hukipendi usiandike unakipenda. Lakini hujakila kikiwa cha moto tangu kundi lile lilipofukuzwa, kwa hiyo hujui. Kaa meza ya mbele, saa ya kula, na njaa yako yote, ule samaki wa bibi huyu na vitunguu vya bibi yule, kisha ndipo uchukue kalamu. Na siku hiyo usipite kwa Bwana Tambi njiani.

Nirudi kwako, Mwenye Mlango, maana hatua ya kwanza ni yako na usinitolee macho.

Neno lako ulilisema mbele ya wageni, kwa hiyo radhi utaiomba mbele ya wageni. Kuiombea chumbani hakutoshi, wala kumtuma wifi. Atakapokuja tena na kundi lake, na atakuja kwa sababu mlango uko kwenye njia yake, toka nje na aproni yako. Wasalimie. Waambie wewe ndiye mke wa huyu anayewatembeza, kwamba miaka miwili iliyopita alikuletea wageni ukamkosea mbele yao, na leo unamwomba radhi mbele ya hawa. Sema hivyo tu, usiongeze. Usitaje tambi. Najua utataka kutaja tambi. Funga mdomo.

Kisha muwekeane utaratibu kama watu wanaofanya kazi mtaa mmoja. Akuambie jana yake analeta wangapi. Meza sita usikubali watu ishirini hata akikupigia magoti, wagawe, wengine aende nao kwa dengu au kwa bibi wa mboga, mji wenu una vyungu vya kutosha na hakuna aliyesema wale kwako tu. Ukimwambia leo siwezi, mwambie kwa simu. Na fundi viatu na makarani wa posta na mwalimu anayelala mezani uwawekee nafasi zao kila siku, hao walikula kwako wakati hakuna aliyekutaja.

Mwenye nyumba mwambie unaendelea. Usisubiri mwisho wa mwezi, muuza vinyago asije akazoea wazo hilo.

Kama umeomba radhi na ramani haikubadilika, niandikie tena, na barua hiyo nitaijibu tofauti, nami najua kuandika "endelea mbele."

Na akisimama tena mtaani na watu wake wamenyanyua simu, akasema, "Mama, naomba usogee," usisogee. Baki hapo hapo katikati ya mlango na upawa wako, wakupige picha ukiwa umekasirika, waende nayo kwao. Siku atakapokuita mwenzangu mbele yao, siku hiyo usogee, wapate njia ya kuingia ndani.